Kusubiri Injini Ipoe

Msichana mwingine akienda nyumbani kwa wazazi wa mpenzi wake hubeba keki. Rotua Marpaung alibeba bisibisi.

Ilikuwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao uliolainika kwa kushikwa, na kazi yake haikuwa kufungua skrubu. Ncha yake huwekwa kwenye chuma cha injini, mpini wake huegemezwa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na hapo injini hutoboa siri zote. Baba yake Rotua aliitumia miaka arobaini katika gereji yake mtaani Parluasan, mpaka injini zikamla masikio yote mawili. Sasa mtu yeyote mjini Siantar aliyetaka kununua pikipiki ya zamani alimtafuta binti. Hawakusema wanataka fundi. Walisema, "Niazime sikio."

Jumamosi hiyo aliyeazima sikio alikuwa Daktari Wiryo, daktari wa meno kutoka Medan, mzee mpole aliyeshika pikipiki za watu kwa glavu nyeupe. Alikuja kutazama pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1949, silinda moja, iliyovuta kigari cha abiria mjini humo kwa miaka thelathini na moja. Mwenyewe aliiita Mwingereza. Mwenyewe alikuwa Baba Mangatur. Na Mangatur ndiye kijana aliyeuchukua moyo wa Rotua mwaka mmoja na miezi minane iliyopita, na hadi asubuhi hiyo hakuwa ameonyesha dalili yoyote ya kuurudisha.

"Bah! Binti wa Marpaung!" Baba Mangatur alipaza sauti kutoka barazani. "Umekuja kusikiliza pikipiki au kunisikiliza mimi? Mimi magoti yamekufa. Huyu hana ugonjwa wowote!"

"Nimekuja kumsikiliza asiyejisifu, Mzee."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Alimpenda Rotua kwa namna hiyo: kwa utani, kwa kelele, kwa kumwita mwizi wa spana na adui wa sabuni. Kila walipokutana alimsemesha kama wanavyosemeshana wauza samaki. Lakini habari ya ndoa hakuigusa hata siku moja. Akimaliza kucheka alikuwa na desturi ya kuongeza, kana kwamba amekumbuka hali ya hewa, kwamba binti wa shemeji yake kule Medan, yaani binti wa mjomba wa Mangatur, mke ambaye mila ilimwekea kijana huyo tangu hajaota meno, sasa ni mfamasia. Ana gari jeupe.

"Binti huyo kaniuliza habari za Mangatur juzi," aliongeza na leo. "Gari jeupe, hebu fikiria! Kulisafisha tu ni kazi."

"Hongera zake," alisema Rotua, akaenda kwenye pikipiki.

Mangatur alikuwa amesimama kando yake, shati limepigwa pasi, macho yamejaa maneno. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Macho yao yalikutana juu ya tangi la mafuta, yakakaa hapo kidogo zaidi ya inavyoruhusiwa mbele ya wazazi, kisha Rotua akainamisha yake. Alivua saa na kuweka kiganja juu ya injini, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Akakiacha hapo. Akahesabu moyoni hadi kumi.

"Mzee," alisema, "Mwingereza amekunywa kahawa kabla yetu."

"Unasema?"

"Ana joto."

Baba Mangatur alitazama kuku wake mmoja baada ya mwingine. "Nilimwasha kidogo. Asubuhi hapa baridi."

"Injini ikishapata moto huficha mambo, Daktari," Rotua alimwambia mgeni. "Nataka nimsikie anavyoamka. Tusubiri apoe."

"Muda gani?"

"Saa moja na nusu."

Daktari Wiryo hakuudhika hata kidogo. Alivua glavu, akazikunja. "Kwangu pia huja mgonjwa amemeza dawa ya maumivu, anatabasamu, anasema haumwi. Namwambia rudi kesho bila dawa." Akaketi. "Nasubiri."

Baba Mangatur hakucheka. Mama Mangatur, mwanamke mfupi aliyesikia kila kitu kutoka jikoni, alitoka na kahawa na sahani ya lapet, zile keki za unga wa mchele zilizofungwa katika jani la mgomba, akaziweka katikati ya wanaume wawili wasiokuwa na la kuambiana.

Rotua alikwenda nyuma ya nyumba kunawa. Mangatur alimfuata, kama ilivyotarajiwa na kila mtu isipokuwa Mangatur.

"Rotua, jana usiku nilikuomba nini kwenye simu?"

"Uliniomba niseme ni nzima."

"Na umeanza na nini? Umeanza kwa kumwita baba mwongo!"

"Nimesema pikipiki ina joto."

"Ni kitu kilekile!" Alishusha sauti. "Nisikilize, mpenzi. Baba hauzi kwa kupenda. Goti limekataa, hawezi kupiga kiki. Mimi mwenyewe unanijua, namsikia mama wa sauti ya kwanza akiteleza nusu noti kutoka benchi la mwisho, lakini injini kwangu ni kelele tu. Hana wa kumwachia. Inamuuma. Sasa ukimwaibisha mbele ya mgeni, Jumapili ijayo mimi napelekwa Medan kunywa chai kwa mjomba. Mama keshanunua batiki."

"Batiki ya rangi gani?"

"Rotua!"

"Nauliza tu. Nisije nikavaa rangi moja na maharusi."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akijisugua vidole kwa sabuni. Weusi wa oili ulikuwa umejichora pembeni mwa kucha zake, na hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Mangatur aliutazama. Usiku fulani wa Krismasi aliubusu, kidole kimoja kimoja, akasema unanuka kama safari. Wote wawili waliukumbuka usiku huo kwa wakati mmoja, na hilo halikusaidia chochote.

"Sema tu 'sijasikia ubaya wowote'," alisema Mangatur taratibu. "Maneno matatu. Kwa ajili yetu."

"Nawe unijibu. Daktari akinunua, ataipeleka wapi kwanza?"

"Parapat. Anasema anataka kuona ziwa."

"Ule mteremko unaujua. Kama chini mle kuna kitu kimelegea, konrodi, ule mkono wa pistoni, inakatika katikati ya kona, gurudumu la nyuma linagoma, na Daktari wa watu anafika ziwani bila kupitia barabarani. Halafu mimi na wewe tunaoana?" Alifunga bomba. "Tutakuwa tunalala vipi?"

"Labda haina ubaya."

"Labda. Ndiyo maana nimekuja na bisibisi na sikuja na maneno matatu."

Mangatur alikuwa na sura ya mtu aliyeombwa achague kati ya mkono wa kulia na wa kushoto. "Ukisema ni mbovu," alisema mwishoni, "mimi sijui nitamwambia nini baba."

"Huna haja ya kusema lolote. Nitasema mimi."

Alipita kando yake. Mabega yaligusana. Hakuna aliyejisogeza, wala hakuna aliyesimama.

Saa moja na nusu ni muda mrefu kwa watu wanaoogopa. Daktari alikula lapet nne. Mama Mangatur alifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Hatimaye Rotua aligusa chuma tena, akaona kimepoa kama mtungi, akatikisa kichwa kukubali.

"Nitawasha mwenyewe," alisema Baba Mangatur.

Alipanda, akaisukuma kiki taratibu hadi panapokaza, akainuka, akaangusha uzito wake kwenye kiki. Goti lilikataa katikati ya safari. Alibaki ameshika usukani, uso umekunjamana, akijifanya anasoma mita ya mwendo ambayo ilikuwa imekufa miaka mingi.

"Mzee, naomba nijaribu," alisema Rotua. "Nataka nisikie kiki inavyorudi."

Haikuwa kweli. Kiki ilivyorudi haikumhusu. Lakini mzee alishuka bila kutazamana na mtu, na Rotua akapanda. Mara ya kwanza hamna kitu. Mara ya pili Mwingereza alikohoa, akatapika moshi wa samawati, akaamka, *dug, dug, dug*, na kuku wote wakahama uwanja.

Rotua aliinama. Bisibisi juu kwanza.

"Hii tik-tik-tik ya juu ni vali, Daktari. Kama bibi anayefuma. Acha afume. Ukiikuta pikipiki ya umri huu haina mlio huo, ogopa."

"Na huu mwingine, kama mtu anayepiga makofi na glavu?"

"Pistoni ni baridi, inacheza ndani ya silinda. Ikipata moto itanyamaza. Subiri... Unasikia? Inanyamaza."

Akashuka chini, kwenye tumbo la injini, mahali ambapo konrodi inashika mhimili. Akafumba macho. Uwanja mzima ulifumba macho naye, hata Mangatur, ambaye hakujua anasikiliza nini.

Palikuwa kimya. Kimya safi, kinene, kilichojaa heshima.

Rotua alifumbua macho. "Kimya mno," alisema.

"Sasa kimya nacho ni ugonjwa?" Baba Mangatur alidakia.

Rotua alizima injini, akafungua kifuniko cha tangi la oili, akachovya kidole. Alipokitoa, oili ilishuka polepole kama asali inayofikiria. Alisugua vidole viwili, akanusa.

"Hii ni oili ya gia za lori."

Mama Mangatur aliacha kufagia.

"Nzito," Rotua alimweleza Daktari, bila kumtazama mzee. "Inajaza nafasi iliyolika, mlio unamezwa. Lakini ikichemka vizuri inakuwa nyepesi. Tumpe dakika kumi na tano."

Zilikuwa dakika kumi na tano mbaya. Injini iliwashwa tena, ikaunguruma peke yake katikati ya uwanja. Mangatur alimtazama Rotua kwa macho ya kusihi. Rotua alimtazama Mangatur kwa macho ya kuaga. Kisha alishika mpini wa mafuta, akapiga resi hadi katikati, akaachia ghafla.

*Tok.*

Akapiga tena, akaachia.

*Tok-tok.*

Mlio mdogo, mzito, wa chini kabisa, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya jirani. Rotua alizima. Akafuta bisibisi kwa kitambaa, pande zote mbili, kwa utaratibu.

"Beringi ya konrodi imekwisha, Daktari. Usiiendeshe hivi. Si Parapat, si hata hapo kona. Kila kitu kingine ni kizima."

"Imekwisha!" Sauti ya Baba Mangatur ilipasuka. "Miaka thelathini na moja! Watoto wanne wamesoma juu ya konrodi hiyo! Nani amekufundisha wewe kuja kwenye uwanja wa mtu na kumwambia imekwisha?"

"Baba yangu, Mzee."

"Baba yako ni kiziwi!"

"Ndiyo. Kwa sababu ya kusikiliza pikipiki za watu." Sasa Rotua hakuwa na cha kupoteza, na mtu wa namna hiyo husema vizuri. "Mzee, sikusikia huo 'tok' peke yake. Nimesikia pia mtu. Gia hazina kovu hata moja. Maana yake aliyeiendesha hakuwahi kuzigonga, hata akiwa na hasira. Silinda haina mikwaruzo. Maana yake kila asubuhi, miaka yote hiyo, alimwacha apate moto kwanza, hata abiria wakipiga kelele. Upande uliovuta kigari umelika zaidi, lakini umelika sawasawa, kama kisigino cha mtu anayetembea wima. Pikipiki nyingi za rika lake zilishakuwa masufuria. Hii imekwisha beringi moja tu. Mimi ningeona fahari."

Kuku mmoja alirudi uwanjani, akaona hali, akaondoka tena.

Baba Mangatur alimtazama Rotua. Alitazama bisibisi. Alitazama vidole vyenye weusi. Rotua akajiandaa kupokea chochote.

Mzee alimgeuzia mgongo. Akaweka mkono juu ya tangi la mafuta na kuanza kuzungumza na pikipiki.

"Ewe Mwingereza," alisema kwa upole, "iko beringi moja mpya kwenye kopo la biskuti juu ya kabati langu. Nilikununulia miaka kumi iliyopita. Sikupata mkono wa kuuamini uifunge."

Rotua alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Mzee, naweza kuifunga mimi."

Mzee hakugeuka. "Mwingereza, mtu akisema anaweza kuifunga, mwambie ailowanishe kwa oili kwanza."

"Mzee?"

Hakujibiwa. Kutukanwa angevumilia, alikuwa amezoea gereji. Lakini mtu huyu aliyemtania na kumpigia kelele mwaka mzima na zaidi, leo hataki hata kumtazama. Basi ndiyo imekwisha, alijiambia, imekwisha kuliko beringi. Akaokota saa yake. Akaitafuta njia ya lango.

Nyuma yake ufagio ulianguka.

"Baba Mangatur!" Mama Mangatur alikuwa ameshika mashavu. "Wewe mzee! Hata posa hatujapeleka!"

"Nazoea mapema," mzee aliiambia pikipiki.

"Na kaka yangu nitamwambia nini? Nimeshanunua batiki!"

"Mwambie binti yake ni mzuri sana na gari lake ni jeupe sana. Batiki utavaa hapahapa."

Rotua alisimama, mguu mmoja ndani ya lango na mwingine nje, na ndipo akamwona mama yake mzazi akilini, mama aliyeishi miaka kumi na tisa nyumba moja na baba mkwe wake bila kumsemesha uso kwa uso hata mara moja. Chakula kikiiva alikuwa akiiambia sufuria. Mvua ikija alikuwa akiziambia nguo. Babu naye aliijibu meza. Haikuwa chuki. Katika nyumba zinazoshika mila, mwanamume hamsemeshi mke wa mwanawe, na heshima hiyo humpa mmoja tu. Utani, kelele na matusi ya kirafiki ni vya wengine wote duniani, hata mafundi.

Mwaka mmoja na miezi minane mzee alimchekea. Leo alikuwa amenyamaza.

"Samahani," Daktari Wiryo aliinua kidole kama mwanafunzi. Yeye alikuwa Mjava, mgeni wa mila hizi, na mambo yalikuwa yamempita mbali. "Pikipiki inauzwa au haiuzwi?"

"Haiuzwi," alisema Baba Mangatur. "Imepata mwenyewe. Pole, Daktari. Njoo kwenye harusi."

"Nimeendesha kwa muda wa saa tatu kutoka Medan."

"Basi utakaa meza ya mbele."

Daktari aliwaza kidogo, akachukua lapet ya tano, akasema kwa kweli yeye pia aliona pikipiki haina tabia ya kutoka kwao.

Mangatur bado alikuwa ameduwaa. Rotua alirudi kutoka langoni, machozi yamemshuka na hana habari nayo, akasimama mbele yake karibu kiasi cha kusikia harufu ya pasi kwenye shati.

"Ungeondoka kweli?" aliuliza Mangatur.

"Nilikuwa nimeshaondoka nusu."

"Ningekufuata."

"Kwa maneno matatu?"

"Bila hata moja," alisema, akamshika mkono wenye oili mbele ya baba, mama, Daktari na kuku, na safari hii hakuuficha nyuma ya kitu chochote.

"Mangatur!" Baba yake aliita, umbali wa hatua mbili, uso ukitazama paa. "Mwambie huyo aliyesimama hapo kwamba Jumamosi ijayo nakwenda kwa Marpaung na wazee watatu. Na kwamba oili ya lori imwagwe leo hii, naona aibu."

"Mwambie nimesikia," alisema Rotua. "Na mwambie nataka kopo hilo la biskuti sasa hivi, kabla injini haijapoa. Bolti zikiwa na moto hufunguka vizuri."

"Mwambie bolti ya kushoto hufunguka kinyume. Asiilazimishe."

"Mwambie hilo najua."

"Mwambie najua anajua."

Wote wawili walikuwa wamekwisha piga magoti, mmoja upande huu wa pikipiki na mwingine upande ule, goti bovu la mzee limewekewa gunia, hakuna anayemtazama mwenzake, na maneno yalianza kwenda haraka: wosha, kipenyo, nafasi, spana namba ngapi. Mangatur alikuwa katikati yao, mkono mmoja umeshika kopo la biskuti, mwingine umeachwa tupu na mtu aliyehitaji vidole vyake vyote. Hakuelewa hata neno moja. Alijisafisha koo kama afanyavyo kabla ya wimbo wa kwanza wa ibada.

"Baba anasema..." alianza.